Wapenzi Bandia, Dola za Kweli: Nani Azuie Utapeli wa Mapenzi Kolwezi?

Anayejiandikisha leo kwenye tovuti ya kutafuta wachumba akiwa Dilala, mjini Kolwezi, hangoji sana kabla ya kuandikiwa. Barua pepe ya kwanza huwa fupi: msichana wa miaka 24 ametazama picha zako, anakaa karibu nawe, bofya hapa usome alichokuandikia. Ukibofya, unatakiwa ulipe kwanza. Wengine hawapitii tovuti kabisa. Wanaanzia Facebook, wanahamia WhatsApp, na baada ya wiki chache za maneno matamu wanajikuta wamesimama mbele ya kabine ya Airtel Money au Orange Money, wakimtumia mtu wasiyewahi kumwona pesa za viza, za hospitali au za kukomboa mzigo uliokwama forodhani.

Kuhusu nani wa kulaumiwa, mji haujakubaliana. Kuna wanaosema ni roboti tu, hakuna mtu nyuma yake. Kuna wanaosema ni vijana wa Abidjan, wale wanaoitwa brouteurs. Wapo wanaomcheka aliyelizwa na kusema tamaa yake ndiyo iliyomponza. Na tangu Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ilipotiwa saini mwaka 2023, wapo wanaoamini kwamba sheria imekwisha kupatikana, kilichobaki ni kukamata watu. Kila kauli ina ukweli wake. Shida ni kwamba kila msemaji anazungumzia kitu kingine, na mtu aliyepoteza dola zake anatoka kwenye mazungumzo hayo bila kujua aende kwa nani.

Tovuti inapodanganya yenyewe

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii: mara nyingi mwongo wa kwanza ni mwenye tovuti.

Kwenye tovuti nyingi za namna hii kujiandikisha ni bure. Malipo huja pale mtu anapotaka kusoma ujumbe au kuujibu. Wanaume hufika wengi, wanawake wachache. Mwanaume asiyeandikiwa na mtu yeyote hana sababu ya kulipa, na mwenye tovuti anaishi kwa malipo hayo. Hapo ndipo wasifu bandia unapozaliwa: mwanamke asiyekuwepo, mwenye picha, umri na mambo anayoyapenda, ambaye programu humfanya aandike mara tu mwanaume mpya anapofungua akaunti.

Ushahidi wa haya upo. Mwaka 2015 wadukuzi waliingia Ashley Madison, tovuti ya Toronto iliyowalenga watu wenye ndoa, na kumwaga hadharani data za akaunti zaidi ya milioni 30. Mwandishi wa habari Annalee Newitz alipochambua programu na data zilizovuja alikuta zaidi ya akaunti 70,000 za wanawake wa kompyuta, zilizotengenezwa ili ziwaandikie wanaume. Za wanaume wa kompyuta zilikuwa 43. Tofauti hiyo inaeleza biashara nzima: anayewindwa ni yule anayelipa. Desemba 2016 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.6 ili kumaliza kesi ya FTC, tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi, pamoja na majimbo kadhaa. Miaka miwili kabla ya hapo FTC ilikuwa imeibana JDI Dating, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na tovuti 18, kwa kosa la aina hiyohiyo. Ililipa dola 616,165.

Kisa cha Match.com ni cha namna nyingine, na kwangu ndicho kinachofundisha zaidi. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2019, FTC haikusema kwamba kampuni ilibuni wanawake. Ilisema iliwatumia waongo waliojileta wenyewe. Akaunti ambayo mfumo ulikwisha kuishuku kuwa ya tapeli ilipomwandikia mtu asiyelipia, mtu huyo alitumiwa barua pepe ya kumwarifu kwamba kuna aliyevutiwa naye. Aliyekuwa akilipia, yeye alikingwa: ujumbe ulizuiliwa hadi akaunti ihakikiwe. Kwa hesabu ya FTC, kati ya Juni 2016 na Mei 2018 watu 499,691 walilipia ndani ya saa 24 baada ya kupata tangazo la ujumbe wa namna hiyo. Match ilikana. Mwaka 2022 jaji aliiondoa sehemu hiyo ya kesi, kwa sababu sheria ya Marekani inawakinga wenye majukwaa wasishtakiwe kwa yanayoandikwa na watumiaji wao. Mwaka 2025 kampuni ililipa dola milioni 14 kumaliza madai mengine yaliyokuwa yamebaki.

Hata ule ukaribu unaotajwa kwenye barua ni kazi ya programu. Inasoma anwani ya intaneti ya simu yako, inakisia mji, kisha inabandika jina la mji huo ndani ya sentensi iliyokwisha kuandikwa. Kwa kuwa simu za Lualaba mara nyingi hutoka kwenye intaneti kupitia mitambo ya miji mingine, mtu aliyeketi Dilala anaweza kuahidiwa msichana aliye kilomita mbili kutoka kwake, huko Kinshasa, wakati kati yake na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Anayegundua kosa hilo amegundua kwamba hakuna msichana.

Lakini roboti si maelezo ya kila kitu. Nchini Kenya vijana wenye elimu ya chuo wamefanya kazi ya kuandika kwa jina la wasifu wa kubuni kwenye tovuti za nje, wakilipwa kwa kila ujumbe. Kijana wa kiume wa Nairobi anakuwa mjane wa Ulaya kwa saa kadhaa, halafu anahamia kwenye mazungumzo mengine na jina jingine. Kazi yake ni kurefusha maongezi, maana kila jibu la mteja ni pesa kwa tovuti. Mteja anahisi kuna mtu halisi upande wa pili, na hajakosea. Alichokosea ni kudhani kwamba mtu huyo ndiye aliye pichani.

Tapeli wa kujitegemea na tapeli wa kiwandani

Kundi la pili halitaki ulipie tovuti. Linataka uliamini, kisha utume pesa. Hawa ndio brouteurs wa Côte d'Ivoire, Yahoo boys wa Nigeria na vijana wa sakawa wa Ghana, na siku hizi wenzao wanaochipuka kila mji wenye intaneti. FTC ilipokusanya malalamiko ya mwaka 2022 nchini Marekani peke yake, ilipata watu karibu 70,000 waliopoteza jumla ya dola bilioni 1.3. Katika uongo waliosimuliwa, ulioongoza ulikuwa ule wa ugonjwa, ajali au kufungwa jela, asilimia 24. Uliofuata ni wa kumfundisha mtu kuwekeza, wa mwanajeshi aliye mbali, na wa mzigo unaohitaji kukombolewa. Hadithi hizi hazina ufundi mkubwa. Nguvu yake ni muda: tapeli anaandika kila asubuhi na kila usiku kwa miezi, hadi siku anayoomba pesa, kumkatalia kunaonekana kama kumtupa mtu wa nyumbani.

Kundi la tatu ni viwanda. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine 100,000 Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, ukiwemo wa mapenzi. Miongoni mwa waliorubuniwa kwa ahadi za kazi walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia.

Mtu wa Kolwezi asidhani mambo hayo yako Asia tu. Aprili 2024 maofisa wa Zambia walivamia kampuni ya Golden Top Support Services mjini Lusaka, iliyokuwa ikiendeshwa na Wachina, na kukamata watu 77. Walikuta vifaa vya kuficha mahali simu inapopigwa na laini za simu zaidi ya 13,000. Vijana wa Kizambia walikuwa wameajiriwa huko kuchati na watu wa Singapore, Peru, Falme za Kiarabu na nchi nyingine, wakifuata maneno waliyoandikiwa. Juni mwaka huohuo Wachina 22 walihukumiwa vifungo virefu. Kutoka mpakani Kasumbalesa hadi Lusaka ni safari ambayo malori ya shaba yetu huifanya kila siku. Kampuni ya namna hiyo ingeweza kukodi nyumba Kolwezi kwa urahisi uleule, na vijana wenye diploma wasio na kazi wangejipanga mlangoni.

Kwa nini Kolwezi inafikika kirahisi

Kolwezi, mji wa Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, umekuwa makao makuu ya jimbo tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa na Lualaba kuzaliwa. Shaba na kobalti zimeleta kreza, yaani wachimbaji wadogo, kutoka Kasai, madereva wa malori, mafundi wa migodi ya KCC na Kamoa, wafanyabiashara wa Kichina, Kihindi na Kilebanoni. Wengi wameacha familia mbali. Mapenzi ya kupitia simu hapa si jambo la ajabu. Ndivyo zinavyoishi ndoa nyingi halali kati ya Dilala na Mbuji-Mayi au Kananga. Tapeli hana haja ya kumfundisha mtu wa Kolwezi kumpenda mtu asiyemwona kwa miezi, wala kumtumia pesa kwa simu. Yote mawili ameyazoea.

Pesa nazo huja kwa mikupuo. Kreza aliyeuza mzigo kwenye soko la madini la Musompo ana dola mkononi leo, na wiki mbili zijazo huenda asiwe na kitu. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaweka mgao kwa kila kampuni, kwa hiyo mji mzima unajua jinsi kipato kinavyoweza kukatika kwa tangazo moja. Aliye katika hali hiyo husikiliza kwa makini anapoambiwa na mchumba wa mtandaoni kwamba kuna mahali dola mia zinageuka mia tano.

Kwa wanawake mtego una sura nyingine. Mahali pengine duniani, mhandisi wa mgodi wa mbali ni hadithi ya kitabuni. Kolwezi mhandisi ni mtu anayepita barabarani kwa gari la kampuni, amevaa fulana ya kung'aa na kofia ngumu. Anayejitambulisha kwa jina la kigeni na kudai anafanya kazi Kamoa hasemi jambo lisilowezekana, na picha za mgodi ziko tele mtandaoni. Hata hivyo, hapo mwanamke wa Kolwezi ana nafasi ambayo mwenzake wa Lyon au Brussels hana: ana shemeji, jirani au mwanafunzi mwenzake wa zamani anayeingia mgodini kila zamu. Swali moja kwa mtu huyo linamaliza mengi, kama aibu haitamzuia kuuliza.

Barua pepe yenyewe ina hali yake huku. Wengi walifunguliwa anwani ya Gmail dukani siku ya kununua simu, ili simu iwake, na hawaifungui tena. Kwa hiyo barua ya tovuti haiwafikii kama barua. Inawafikia kama taarifa inayochomoza juu ya kioo, yenye picha na jina la kike, ikifanana kabisa na ujumbe wa WhatsApp. Mtu aliyezoea kuchambua barua taka angeitupa. Huyu anaigusa, na mega zinaanza kuisha kwenye ukurasa unaodai namba ya kadi ya benki.

Jibu la kwanza: kila mtu ajilinde

Hili ndilo shauri linalotolewa zaidi, na lina heshima yake. Halihitaji sheria, polisi wala bajeti. Usimtumie pesa mtu usiyemwona, piga simu ya video, tafuta kama picha hiyo imetumika kwingine, mwambie ndugu mmoja kabla ya kutuma. Mwenye kuyafuata haya ataepuka mengi.

Udhaifu wake unaonekana katika dalili ambazo watu walifundishwa kuziangalia. Kifaransa kibovu kilikuwa alama ya tapeli. Sasa programu za akili bandia humwandikia Kifaransa safi kuliko cha mwalimu. Kukataa video kulikuwa alama nyingine. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kukamata watu 27 waliokuwa wakibadilisha sura zao kwenye simu za video kwa kompyuta, kundi lililowaliza watu dola zipatazo milioni 46. Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilisimulia habari za mwanamke aliyepoteza euro 830,000 akiamini anachumbiwa na Brad Pitt, kwa picha zilizotengenezwa na kompyuta.

Kolwezi kuna kipimo kimoja kinachofaa: mwambie akutumie sauti kwa Kiswahili cha huku, akieleza alivyoamka na alichokula. Programu zinazomudu Kifaransa bado zinayumba kwenye Kiswahili cha Katanga, na kijana wa Abidjan hawezi kukiigiza. Kipimo hiki kinamkamata mgeni. Tapeli aliyezaliwa Likasi au Lubumbashi anakipita bila shida.

Lililo baya zaidi katika jibu hili ni pale linapobaki peke yake. Likigeuka kuwa lawama, aliyelizwa hunyamaza, na namba ileile ya simu inaendelea kupokea pesa za mwingine. Mwanaume mwenye mke hatalalamika popote. Mwanamke aliyetuma picha zake za faragha atalipa mara ya pili ili zisisambazwe, na mara ya tatu. Mji unaomcheka aliyelizwa unamsaidia tapeli kukusanya.

Jibu la pili: tovuti zihakiki watu wao

Wanaoshika hoja hii wanasema mwenye uwanja ndiye anayejua nani ameingia. Anaweza kudai video fupi ya uso, kulinganisha picha, kuona akaunti inayotuma maneno yaleyale kwa watu mia tatu kwa saa moja. Ni kweli, na majukwaa makubwa yameanza kufanya hivyo.

Lakini jibu hili linakwama mahali pawili. Kwanza ni kitambulisho. Kwa miaka mingi Mkongomani ametambuliwa kwa kadi ya mpiga kura. Kadi mpya ya taifa ilizinduliwa Juni 2023, rais akichukua ya kwanza, lakini mtu wa kawaida wa Dilala bado anaishi na ile ya uchaguzi, wengine ikiwa imefutika maandishi. Tovuti ya nje ikidai pasipoti, itawafungia nje watu wa kweli, na tapeli mwenye hati za kughushi atapita. Pili ni usalama wa hati zenyewe. Julai 2025 programu ya Tea ya Marekani, iliyokuwa inawasaidia wanawake kuonyana kuhusu wanaume wabaya, ilivujisha picha zipatazo 72,000, na kama 13,000 kati yake zilikuwa picha za uso na vitambulisho walivyotakiwa kutoa ili wahakikiwe.

Na kuna swali ambalo watetezi wa jibu hili hulipita haraka. Pale tovuti yenyewe inapofuga wasifu bandia, kumwambia mwenye tovuti ahakiki ni kumkabidhi mwizi daftari la wageni. Kwa tovuti za namna hiyo kinachosaidia ni malipo. Zinalipwa kwa kadi za Visa au Mastercard, na mtu aliyekatwa pesa asizoziidhinisha ana njia ya kudai kupitia benki yake. Wateja wengi wa benki za Kolwezi hawajawahi kuelezwa hivyo. Benki inayotoa kadi ya kulipia mtandaoni ingepaswa kueleza siku ileile jinsi ya kupinga malipo na jinsi ya kuzuia makato ya kila mwezi.

Jibu la tatu: sheria na polisi

Sheria haikosekani. Kulaghai mtu kwa jina au cheo cha uongo ili kupata mali yake ni kosa katika kanuni ya adhabu ya tangu mwaka 1940. Code du numérique, yaani ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imeongeza makosa ya kompyuta na ya kuiba utambulisho wa mtu mtandaoni. Mlalamikaji wa Dilala hana haja ya kungoja bunge.

Anachokosa ni njia ya kuitumia. Amelizwa dola 150. Mtuhumiwa ana namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, akaunti iliyofunguliwa nchi nyingine, na seva iliyo bara jingine. Kuomba taarifa kwa kampuni ya simu kunahitaji barua ya mwendesha mashtaka, kufuatilia kunahitaji nauli na siku za kazi, na mwisho wake huenda ukagharimu kuliko hizo 150. Ndiyo maana polisi hufaulu zaidi wanaposhambulia kundi kuliko kesi moja moja. Lusaka ilikuwa hivyo. Operesheni ya Interpol iliyofanyika katika nchi 14 za Afrika kati ya Julai na Agosti 2025 ilikamata watu 260 kwa utapeli wa mapenzi na usaliti wa picha za ngono, ikihusisha waathirika 1,463 na hasara ya karibu dola milioni 2.8. Kipindi hicho ni wiki mbili tu.

Kuna pia suala la imani. Wakongomani wanaukumbuka RAM, usajili wa simu ulioanza 2020 kwa sababu iliyoelezwa kuwa ni kupambana na simu bandia na za wizi. Watu waliuona kama makato kwenye vocha zao, wakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2022 ukafutwa. Serikali ikirudi kesho na kusema inataka kusajili upya simu zote ili kuzuia matapeli, itapokelewa na kumbukumbu hiyo. Hatua yoyote itakayomtoza mtu wa kawaida kabla ya kumlinda itakufa kifo kilekile.

Jibu la nne: kufuata pesa

Tapeli wa kundi la pili anaweza kubadilisha jina, picha, lugha na nchi. Asichoweza kuacha ni kupokea pesa. Mahali fulani lazima mtu aende kuzitoa.

Marekani ilijifunza hili kwa gharama. Januari 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 baada ya kukiri kwamba haikuzuia matapeli waliotumia mtandao wake, huku baadhi ya mawakala wake wakishirikiana nao. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu 7 Oktoba 2024, benki na kampuni za malipo zinatakiwa kumrudishia mteja aliyelaghaiwa kutuma pesa, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya iliyotuma na iliyopokea. Kipengele hicho cha pili ndicho chenye akili. Kampuni inayompokelea tapeli pesa haina hasara yoyote kwa kawaida. Ikibebeshwa nusu ya deni, itaanza kumjua mteja wake. Singapore nayo, tangu Julai 2025, imewapa polisi uwezo wa kuagiza benki izuie kwa muda akaunti ya mtu anayeendelea kumtumia tapeli pesa hata baada ya kuonywa.

Kwa Kolwezi picha ni ya karibu zaidi. Kabine ni mwavuli, meza ndogo, simu tatu au nne na daftari la kalamu. Mwenye kabine anamwona mteja usoni. Anamjua mama wa mtaani aliyetuma dola 20 jana, 40 leo, kwa namba ileile ngeni, na macho yake hayakai sawa. Hakuna programu ya Kinshasa wala California inayoona hilo. Lakini mwenye kabine anaishi kwa kamisheni, na kila anayemkatalia atavuka barabara kwenda kwa jirani. Kumtaka awe mlinzi bila kumlipa wala kumpa mahali pa kutoa taarifa ni kumwonea.

Kupima

Kwa maoni yangu jibu la nne ndilo linalopaswa kutangulia, kwa sababu ndilo pekee ambalo wahusika wake wako ndani ya mamlaka ya nchi. Banque centrale du Congo inasimamia pesa za simu, ARPTC inasimamia kampuni za simu, na kampuni hizo zina ofisi na leseni ambazo zinaweza kuzipoteza. Hakuna ofisi ya Kolwezi inayoweza kuamrisha tovuti ya Toronto. Kampuni ya simu inayopokea dola za Dilala inaweza kuamrishwa.

Gharama yake, hata hivyo, ni ya kweli na itawaangukia watu wasio na hatia. Kreza anayetuma karo Mbuji-Mayi, mjane anayetumiwa pesa za hospitali, mfanyabiashara anayelipia mahindi yaliyofika Kasumbalesa usiku, wote hutegemea pesa kufika papo hapo. Kucheleweshwa kwa saa 24 kwa kila mtu kungewaumiza wengi ili kuwaokoa wachache. Ndiyo maana naunga mkono kikwazo chembamba: pesa ya kwanza kwa namba ambayo hujawahi kuitumia, ikizidi kiasi fulani, ikae saa chache kabla haijatolewa, na mtumaji aweze kuirudisha kwa menyu ileile aliyotumia. Anayetuma kwa mkewe kwa mara ya hamsini hatagusa kikwazo hicho.

Kufunga namba zinazolalamikiwa ni hatua kali zaidi na inahitaji uangalifu. Mchumba aliyeachwa anaweza kulalamika kwa chuki, na namba ya mtu ndiyo benki yake. Lalamiko moja lisitoshe. Malalamiko ya watu wasiojuana dhidi ya namba moja, ndani ya muda mfupi, yanatosha kuzuia utoaji wa pesa kwa siku kadhaa wakati mwenye namba anaitwa kujieleza kwa kadi yake. Mfano wa Singapore wa kumzuia aliyedanganywa asitumie mali yake mwenyewe nauogopa. Hapa mamlaka ya namna hiyo ingekuwa mlango wa rushwa ndani ya mwezi mmoja.

Polisi na mahakama wana nafasi yao, lakini kwenye kundi la tatu. Nyumba ya kupanga yenye vijana arobaini, madirisha yaliyofunikwa na umeme wa jenereta usiku kucha haihitaji utaalamu wa kompyuta kuigundua. Mkaguzi wa kazi anaweza kuingia kabla ya polisi, na kijana aliyeajiriwa kuchati kwa maneno ya kuandikiwa awe na mahali pa kusema anachofanyishwa bila kushtakiwa kwanza.

Tahadhari binafsi itabaki, ila isiwe kisingizio. Viongozi wa makanisa ya Dilala na Manika wana uwezo ambao kampuni ya simu haina: wanaweza kusema hadharani kwamba aliyetapeliwa hakutenda dhambi, na kwamba aje na simu yake ikiwa na ujumbe wote kabla hajaufuta kwa aibu. Ujumbe huo, namba ya mpokeaji na saa ya muamala ndivyo vitu ambavyo kampuni inavihitaji ili kuzuia pesa. Na pesa zikishatolewa kwenye kabine ya upande wa pili, jambo ambalo mara nyingi huchukua dakika chache, hakuna sheria ya mwaka 1940 wala ya 2023 itakayozirudisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kudai kwa Airtel, Orange, Vodacom na Africell ni namba moja ya bure ya kulalamikia utapeli, inayopokelewa usiku na mchana, kwa Kiswahili.